Nani Aliyekishona Kinyago? Ukakamavu wa Mtoto Shuleni na Nyikani

Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa katika shule za msingi nchini Kenya, si ajabu kukuta taa ikiwaka usiku wa manane katika nyumba ambamo mtoto amekwisha kulala. Aliye macho ni mzazi. Mbele yake pana gunia kuukuu, vijiti, kamba na shati lililochakaa, naye anashona kinyago cha kuwingia ndege, kazi ambayo mwanafunzi alipewa katika somo la Kilimo. Asubuhi mtoto atakibeba kinyago hicho kwa fahari na kupewa alama za juu. Kinyago ni kizuri mno, na uzuri huo ndio unaoisaliti kazi yenyewe.

Aghalabu wazazi wa aina hii hulaumiwa kwamba wanawadekeza watoto. Lawama hiyo ina ukweli, ila imepungukiwa na haki. Wengi wao ni zao la mfumo wa 8-4-4. Waliketi madarasani miaka minane wakiungoja mtihani mmoja wa KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Katika mfumo huo kosa lilikuwa na bei yake, nayo ni kiboko. Hata viboko vilipopigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, fikra kwamba mtoto hukomazwa kwa maumivu haikuondoka pamoja na fimbo. Mzazi aliyelelewa hivyo akipata nafasi ya kumwepusha mwanawe na kosa, hakosi kuitumia. Hiyo ni huruma, lakini humnyima mtoto kitu kile kile ambacho kiboko kilimnyima mzazi: fursa ya kukosea, kulitazama kosa kwa utulivu, na kujaribu tena.

Lugha yenyewe inatoa mwanga. Kiswahili kina subira, uvumilivu na ukakamavu, na si busara kuyachukulia maneno haya kuwa visawe. Mwenye subira hungoja. Mvumilivu hubeba mzigo aliotwikwa. Mkakamavu huendelea kutenda ilhali bado anashindwa. Shule nyingi zimeyashughulikia mawili ya kwanza, zikalisahau la tatu. Mwanafunzi huikariri methali "Mvumilivu hula mbivu", akaitungia insha, akaeleza maana ya juu na maana ya ndani, akasimulia kisa cha yatima aliyesoma kwa mwanga wa kibatari hadi akawa daktari (kisa ambacho hakuna msahihishaji asiyekijua). Insha hurudi ikiwa imejaa wino mwekundu. Mwandishi wake hutazama alama, akaitia mkobani na asiifungue tena. Somo la ukakamavu lilikuwa papo hapo, juu ya karatasi ile, nalo limempita.

Je, ingekuwaje iwapo angetakiwa kuiandika upya aya moja tu, ile iliyomshinda, na alama zikatolewa kwa namna alivyoirekebisha? Mwalimu atasema, na ana haki ya kusema, kwamba tangu elimu ya msingi ifanywe bila malipo mwaka wa 2003 madarasa yamefurika, na hapana awezaye kusahihisha kila insha mara mbili. Basi na apunguze idadi ya insha. Nne zilizofanyiwa marekebisho zina manufaa kuliko kumi zilizotupwa mkobani.

Utafiti unaiunga mkono hoja hii. Mwaka wa 1998, Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano huko Marekani. Waliosifiwa kwa akili zao baada ya kufaulu mafumbo mepesi walilegea walipopewa magumu, na waliporudishiwa mepesi wakafanya vibaya kuliko awali. Waliosifiwa kwa bidii waliendelea kung'ang'ana. Majaribio hayo si msahafu, lakini yanazua swali: mtoto anayesifiwa kwa kinyago alichoshonewa anasifiwa kwa lipi, akili au bidii? Hakuna hata moja.

Darasa, hata hivyo, lina upungufu wake. Anayeamua kwamba mtoto ameshindwa ni mtu, na mtu hubembelezeka. Kilima hakibembelezeki. Ndiyo maana wapo waelimishaji walioyatafuta mafunzo haya nje ya kuta. Kurt Hahn na Lawrence Holt walianzisha shule ya Outward Bound huko Wales mwaka wa 1941, na mwaka wa 1952 shule ya aina hiyo ikafunguliwa Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro. Tuzo ya Rais, iliyoanza nchini Kenya mwaka wa 1966, nayo huwataka vijana wafunge safari: siku mbili na usiku mmoja kwa ngazi ya shaba, siku nne na usiku tatu kwa dhahabu. Kikundi hupanga njia chenyewe, hubeba hema na chakula chake, hupotea na kujitafuta kwa ramani. Mtu mzima huwafuatilia kwa mbali, akaingilia kati inapozuka hatari. Umbali huo ndio unaofunza. Akikaribia mno atawabebea mizigo, na akitoweka kabisa atakuwa amewatelekeza.

Hapa pana tahadhari. Mtoto anayevuka mto uliofurika ili afike shuleni, au anayetembea kilomita nyingi bila kifungua kinywa, hafunzwi ukakamavu, ingawa hotuba za siku ya zawadi hupenda kumtaja. Hakuichagua shida hiyo, hana uwezo wa kuipima, wala hakuna mtu anayemwangalia kwa mbali. Mtoto huyo anahitaji daraja na chakula cha mchana, na wanaomsifu badala ya kumjengea wanajikosha.

Itasemwa kwamba safari za milimani ni ghali, na kwamba shule nyingi za Nairobi zimebanwa katikati ya magorofa bila hata kiwanja. Ni kweli. Lakini tuta moja la sukuma wiki nyuma ya darasa latosha kuanzia. Mche ukikauka, mtoto aulizwe sababu, kisha apewe mwingine. Na kinyago chake kisimikwe papo hapo, hata kama kimepinda na mkono mmoja umezidi mwingine. Upepo ukikiangusha, mwalimu asikiinue. Amwachie mwenyewe kamba na kijiti, aende zake, arudi kukitazama Ijumaa.