Matembezi ya Idi katika joto la kaskazi: tumtazame aliye dhaifu



Ndugu msomaji, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa miladia kwa takriban siku 11, Idi zetu huzunguka misimu yote. Mwaka 2025 Idi ya Mfungo Mosi iliangukia mwishoni mwa Machi. Ifikapo mwaka 2028 inatarajiwa kuwa mwishoni mwa Februari, kisha itaendelea kurudi nyuma hadi Januari. Kwa sisi watu wa mwambao, maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa ijayo siku ambayo watoto huingoja mwaka mzima itakuwa ndani ya kaskazi, wakati ambapo joto la Dar es Salaam hufikia nyuzi 32 au 33 na unyevu wa bahari haumwachi mtu akakauka jasho.

Na siku hiyo familia nyingi huelekea kwenye bustani za michezo. Wapo waendao Kunduchi kwenye mitelezo ya maji, wapo waendao kwenye viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo kule Unguja, na wapo wanaotosheka na mabembea yanayofungwa mtaani kwao kwa siku mbili tatu. Ni furaha ya halali, na mtoto ana haki nayo.

Katika kamati ya msikiti wetu jambo hili liliibuka tulipokuwa tukipanga matembezi ya watoto wa madrasa. Maoni yaligawanyika. Mzee mmoja alitaka safari ifutwe, akikumbusha kwamba safari iliyopita watoto wawili walirudi wakitapika, na mama mmoja alianguka akiwa kwenye foleni ya kununua maji. Vijana wakajibu kuwa joto ni la kwetu tangu kuzaliwa, na kwamba mtu wa pwani hatishwi na jua. Nilikuwa nikiandika muhtasari, nikaona kwamba pande zote mbili zilizungumza kana kwamba joto humgusa kila mtu kwa kiasi kimoja. Sivyo lilivyo. Swali la kujiuliza kabla ya safari ni hili: katika watu tunaotoka nao, ni nani atakayelemewa kwanza?

Tunayo mafunzo ya kutosha katika hili. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akianza Sala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kujua mashaka yanayompata mama yake. Ikiwa ibada yenyewe ilipunguzwa urefu kwa ajili ya mama na mtoto, matembezi yana udhuru gani wa kutopunguzwa?

Tutazame kwanza namna joto linavyofanya kazi mwilini. Mwili wa binadamu hukaa kwenye nyuzi 37 hivi, na silaha yake kubwa dhidi ya joto ni jasho. Lakini jasho halipozi kwa kutoka tu. Hupoza linapokauka juu ya ngozi. Pale hewa inapokuwa imejaa unyevu, jasho hutiririka bila kukauka, na mtu hupoteza maji na chumvi bila kupata ubaridi aliougharimia. Ndiyo maana nyuzi 33 za Dar es Salaam huchosha kuliko nyuzi hizo hizo za Dodoma. Mtoto mdogo huelemewa upesi zaidi, kwa sababu mwili wake hupata joto haraka na jasho lake ni dogo kuliko la mtu mzima. Bibi na babu nao, hasa wenye maradhi ya moyo, figo au kisukari, huenda wasihisi kiu hata pale miili yao inapohitaji maji.

Yuko wa tatu asiyetajwa mara nyingi, naye ni mama wa watoto. Mtazame mama huyu kwenye bustani ya michezo saa saba mchana. Mgongoni ana mtoto, mkononi ana mfuko wa chakula na nguo za kubadilisha, macho yake yanawafuata watoto wengine watatu. Ameamka kabla ya Alfajiri kupika. Na hanywi maji. Hanywi kwa sababu choo kiko mbali, foleni yake ni ndefu, pengine si kisafi, na hana wa kumwachia watoto. Basi anajizuia tangu asubuhi, na jioni tunashangaa kwa nini kichwa kinamuuma na maneno yake ni makali. Huyo si mkali, huyo amekaukiwa.

Jambo hili la maji na choo si dogo, na lilikwisha kuwashinda hata wakubwa wa kazi hiyo. Tarehe 17 Julai 1955 ilifunguliwa bustani ya Disneyland huko Anaheim, California, nchini Marekani. Siku hiyo joto lilifikia nyuzi 38 hivi. Kabla ya ufunguzi mafundi bomba walikuwa wamegoma, muda haukutosha, na mwenye bustani, Walt Disney, alilazimika kuchagua: ama vyoo vifanye kazi, ama mabomba ya maji ya kunywa. Alichagua vyoo, na maelfu ya watu wakakuta mabomba mengi ya kunywa makavu. Lami ilikuwa mpya na laini, hata visigino vya viatu vya wanawake vikazama. Fedha nyingi zilikuwa zimetumika kwenye majumba na mabembea, lakini jambo lililowasumbua wageni lilikuwa maji na mahali pa kukanyaga. Nasi tunapochagua bustani, tuulize kwanza maswali hayo ya unyonge: maji ya kunywa yako wapi, choo kiko wapi, kivuli kiko wapi? Bembea kubwa itazamwe baadaye.

Tuje kwenye wakati. Katika mwambao wetu, mwanzoni mwa Machi jua la mchana hupita karibu kabisa juu ya utosi. Saa mbaya ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri, na hizo ndizo saa ambazo wengi wetu huzitumia kutembea. Familia yenye watoto wadogo ichague kipande kimoja cha siku: ama asubuhi mapema, na saa 5 iwe imekwisha kuingia kivulini au kurudi nyumbani, ama jioni, baada ya Sala ya Alasiri hadi karibu na Maghribi. Anayelazimika kushinda huko kutwa nzima aifanye saa ya adhuhuri kuwa ya mapumziko: kula, kusali, kulala chini ya mti au banda lenye upepo. Katika mapokezi ya Bukhari na Muslim vilevile, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza watu kwamba joto linapokuwa kali waicheleweshe Adhuhuri mpaka hali ipoe. Basi kupumzika mchana wa joto si uvivu.

Kuhusu mavazi, wako wanaodhani kuwa stara na joto haviwezi kukaa pamoja. Mwaka 1980 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha uchunguzi juu ya majoho ya Mabedui wa jangwani. Watafiti walipima joto analopata mtu aliyevaa joho jeusi na aliyevaa jeupe. Nguo nyeusi ilipata joto zaidi, lakini joto lililoufikia mwili lilikuwa sawa, kwa kuwa joho lilikuwa pana na hewa ilipita kati ya nguo na ngozi. Funzo kwetu ni kwamba upana wa nguo na uwazi wake kwa hewa ni jambo kubwa. Baibui pana la kitambaa chepesi lina nafuu. Baibui la kitambaa kizito cha nailoni, likivaliwa juu ya nguo mbili za kubana, ni adhabu, hasa pwani ambako hewa ina unyevu. Mabinti wadogo wapewe pamba, na wavulana wavae kofia. Mtoto mwenye ualbino afunikwe mikono na miguu, avae kofia yenye ukingo mpana na apakwe mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi. Kwake yeye jua la saa chache lina madhara ya miaka.

Maji yanywewe kidogo kidogo tangu kabla ya kutoka nyumbani, bila kungoja kiu. Chupa za maji zigandishwe usiku. Zitayeyuka njiani na kubaki baridi. Madafu, matunda na uji mwepesi ni vyema kuliko soda. Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hapewi maji hata kwenye joto. Maziwa ya mama yanamtosha, ila anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama anywe kwa ajili ya wawili. Wala tusidanganyike na bwawa. Mtoto aliye majini hutoka jasho bila kujijua, na jua humpata mabegani. Mtu mzima mmoja awe karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono, na simu yake iwe mfukoni.

Sasa dalili, na hizi ningependa zikatwe gazetini na kubandikwa ukutani. Mtoto akilalamika kichwa, akatoka jasho jingi, akawa mnyonge, akahisi kichefuchefu au misuli ikamkaza, ameanza kuelemewa. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mloweshe kwa maji, mpepee, na mpe maji au mchanganyiko wa chumvi na sukari wa pakiti kwa kumimina kidogo kidogo. Asirudi kwenye mabembea siku hiyo hata akisema amepona. Lakini akianza kuchanganyikiwa, akasema maneno yasiyoeleweka, akadegedeka au akazimia, hiyo ni hatari ya kufa. Joto la mwili huenda limepita nyuzi 40. Mmwagie maji mwili mzima na mpepee kwa nguvu hapo hapo, na mwendelee kumpoza njiani kuelekea hospitali. Asinyweshwe kitu ilhali hana fahamu, na tusihangaike kutafuta panadoli, maana homa hii si ile inayoteremshwa na dawa hiyo.

Neno moja zaidi juu ya gari. Gari lililofungwa juani huweza kupanda joto kwa takriban nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Mtoto aliyelala asiachwe ndani hata kwa muda wa kukata tiketi. Na kabla ya kumkalisha mtoto kwenye mtelezo wa chuma au plastiki, mzazi auguse kwanza kwa kiganja chake. Usiovumilika kwa kiganja cha mtu mzima utamchoma mtoto.

Yote haya yanahitaji mtu wa kuyatenda, na hapa nazungumza na akina baba wenzangu. Ni desturi ya wengi wetu kulipa viingilio, kuchagua kivuli kizuri, kisha kuketi na simu hadi saa ya kuondoka. Kulipa si kuongoza. Baba abebe mfuko, au ambebe mtoto. Kila baada ya saa moja awakusanye wote wanywe maji, na aanze na mama yao. Amshikie watoto kwa nusu saa ili aende chooni bila haraka, asali kwa utulivu, na akae chini. Kijana wa miaka 14 apewe jukumu la bibi yake, ajue chupa yake na dawa zake zilipo. Familia ikikubaliana hivyo kabla ya kufunga mlango wa nyumba, nusu ya kazi imekwisha.

Kamati yetu, baada ya mjadala mrefu, haikufuta safari. Tumeamua mabasi yaondoke saa 1 asubuhi na watoto warudi kabla ya Adhuhuri, kila watoto wanane wawe na mlezi mmoja mwenye orodha ya majina na maradhi yao, na madumu ya maji ya kunywa yapakiwe kabla ya chakula. Yule mzee aliyetaka ifutwe ndiye aliyependekeza madumu yapakiwe kwanza, na amejitolea kusimamia kazi hiyo mwenyewe. Wazazi watakaotuma watoto wenye pumu, selimundu au kifafa wanaombwa kutuarifu mapema, kwa siri wakipenda.

Familia itakayotoka peke yake nayo inaweza kufanya hesabu yake jioni ya kuamkia safari. Wakae pamoja, wamtaje aliye dhaifu kuliko wote miongoni mwao, na saa ya kurudi ipangwe kwa ajili yake. Wenye nguvu watalalamika kwamba siku imekuwa fupi. Walalamike, ni nafuu kurudi na watoto wanaotaka kubaki kuliko kurudi na mmoja asiyeweza kusimama.

Wabillahi tawfiq.