Huyu Ananunua au Anakodi?

Hapa Vuga hakuna mtu mzima asiyejua tofauti ya kukodi na kununua, ilimradi jambo lenyewe liwe shamba. Ukikodishiwa shamba unapanda maharage, mahindi au viazi, unavuna, kisha unamrudishia mwenyewe ardhi yake. Hupandi mgomba, hupandi kahawa, sembuse mti wa mbao, kwa sababu mmea wa kudumu ni dai la umiliki, na mwenye shamba akiuona atakuja kukuuliza kulikoni. Ukinunua, mnaita wazee, mnatembea mipakani, karatasi inaandikwa, na tangu siku ile hata ukiugua mwaka mzima shamba ni lako. Hayo mtoto anayajua kabla hajamaliza shule ya msingi.

Sasa mpe mtu huyo huyo pikipiki. Akili yote ile inayeyuka. Anaingia katika kitu kinachoitwa mkataba, na ukimuuliza kama amenunua au amekodi, anakujibu kwa tabasamu kwamba "nimechukua mkataba", kana kwamba hilo ni jibu.

Kwa msomaji asiyekaa vijiweni, nieleze kwa ufupi. Kijana asiye na fedha taslimu ana njia mbili za kupata pikipiki ya kubebea abiria. Njia ya kwanza ni hesabu: chombo ni cha tajiri, kijana anapeleka kiasi walichokubaliana kila siku, na matengenezo makubwa ni juu ya mwenye mali. Hii ni kukodi, wala haijifichi. Njia ya pili ni mkataba: kijana anapeleka kiasi kikubwa zaidi kila siku kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi, anagharamia kila kitu tangu oili hadi injini, na siku akimaliza anakabidhiwa kadi na chombo kinakuwa chake. Hii inaitwa kununua. Mimi nasema si kununua. Ni kukodi kwa bei ya kununua, na aliyebuni jina lake alijua anachofanya.

Nina sababu ya kulisemea jambo hili. Watu wa hapa wamezoea kuniletea karatasi zao niwasomee na kuwawekea sahihi ya shahidi, kwa imani kwamba mtu mwenye miwani anajua sheria. Mikataba ya pikipiki niliyoisoma ni ya mkono mmoja kabisa, kana kwamba imenakiliwa kutoka daftari moja. Kadi itabaki kwa mmiliki. Matengenezo yote ni juu ya dereva. Dereva akikosa kuleta hesabu siku kadhaa mfululizo, chombo kitarudi kwa mmiliki, na fedha zilizokwisha kulipwa hazitarudishwa. Hapo ndipo penye sumu, na ni mstari mmoja tu.

Tupige hesabu. Natumia tarakimu za mfano, wewe weka za kijiwe chako. Pikipiki mpya dukani ni shilingi 3,000,000. Mkataba ni shilingi 12,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 14. Hizo ni siku 364, yaani shilingi 4,368,000. Nyongeza ya shilingi 1,368,000 siilalamikii sana, maana mwenye fedha naye anataka faida. Tazama upande wa pili. Pikipiki ile ile kwa hesabu ya kawaida ni shilingi 8,000 kwa siku. Tofauti ni 4,000. Kijana wa hesabu akiiweka tofauti hiyo kwa siku zile zile 364, anakuwa na shilingi 1,456,000 mkononi.

Na mwenzake wa mkataba ana nini? Ana pikipiki iliyokimbia miezi 14 katika barabara zetu. Anayeijua njia ya kushuka Soni wakati wa masika, udongo mwekundu ukiwa kama sabuni, abiria wawili nyuma na kiroba cha viazi juu ya tangi, haniulizi chombo hicho kina hali gani. Cheni imebadilishwa, klachi imekwisha, pengine injini imefunguliwa, na vyote kwa fedha yake. Akiiuza kwa shilingi 1,500,000 amshukuru Mungu. Kwa hiyo wote wawili wamefika mahali pamoja, ila mmoja alikuwa na ruhusa ya kuacha siku yoyote bila kupoteza senti, na mwingine alikuwa amefungwa shingoni siku zote 364. Nami hapo sijahesabu vipuri.

Wapo watakaosema: kijana gani huyo atakayeweka akiba ya shilingi 4,000 kila siku? Atainywa. Mkataba unamlazimisha. Neno hili nalisikia hasa kwa wenye pikipiki, na linanishangaza. Kijana yule yule anayeaminiwa kumpelekea mtu mwingine shilingi 12,000 kila jioni, mvua ikinyesha au jua likiwaka, eti hawezi kujipelekea mwenyewe 4,000. Basi na azipeleke kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, ambako akina mama wa vijijini humu wanatunza fedha kwa sanduku lenye kufuli tatu na hawajapoteza shilingi. Nakubali kwamba kwa mwendo huo atachukua kama miezi 29 kufikia bei ya pikipiki mpya. Ni muda mrefu. Lakini atakayoipata itakuwa mpya, na kadi itakuwa na jina lake tangu dukani.

Wengine watasema tajiri naye anabeba hatari. Ni kweli, wala sitaki kumfanya shetani. Wengi wa hao wanaoitwa matajiri ni watumishi waliokopa kwa dhamana ya mshahara, au wajane waliouza miti ya mbao wakanunua pikipiki moja. Chombo kikiibwa Mombo, kikitumbukia korongoni, wao ndio wenye jina kwenye kadi, na bima ya wengi ni ile ndogo isiyolipa chombo chenyewe. Hatari hiyo ipo na ina bei. Ila bei yake imeshalipwa ndani ya ile 1,368,000. Huwezi kumtoza mtu bei ya hatari, kisha hatari ikitokea ukamwambia ni yake.

Nitoe mfano nilioushuhudia, bila kutaja jina la yeyote. Kijana mmoja wa kwetu alikuwa katika mkataba unaofanana na huo wa mfano. Alikuwa amemaliza miezi 11 bila kuchelewa. Akateleza kwenye kona, akavunjika mguu, akalala wiki saba. Pikipiki ilipata mkwaruzo tu. Siku ya nane ya kukosa hesabu mwenye chombo alikuja na karatasi, akaisoma kwa sauti mbele ya mama mzazi wa kijana, akaondoka na pikipiki. Juma lililofuata nikamwona kijana mwingine juu yake, naye ana mkataba mpya, anaanza sifuri. Fanya hesabu kwa tarakimu zetu: miezi 11 mara siku 26 mara shilingi 12,000. Ni shilingi 3,432,000, zaidi ya bei ya pikipiki dukani. Chombo kimelipwa chote na kupita, na bado ni cha yule yule, na kinauzwa mara ya pili.

Mama yule alinijia kuuliza kama kuna kosa. Karatasini hakuna kosa. Mwanawe alisaini.

Kuna nchi zilizokwisha kulipitia jambo hili. Uingereza kati ya vita mbili kuu, familia maskini zilichukua samani na cherehani kwa kulipa kidogo kidogo, na wafanyabiashara wakagundua kwamba faida nono iko katika kuvichukua tena karibu na malipo ya mwisho. Mbunge Ellen Wilkinson alilipigania jambo hilo bungeni, na sheria ikapita mwaka 1938: mnunuzi akishalipa theluthi moja ya bei, mwenye mali haruhusiwi kumnyang'anya bila amri ya mahakama. Jirani zetu Kenya waliweka kinga ya namna hiyo katika sheria yao ya mwaka 1968, ingawa kwao ni mpaka mnunuzi awe amelipa theluthi mbili. Tanzania nayo ina sheria ya mauzo ya namna hii tangu mwaka 1966. Lakini mikataba ya kijiweni haiandikwi na watu walioifungua sheria hiyo, na kijana aliyelala na mguu uliovunjika hatafuti wakili Lushoto.

Hata wakodishaji wa kweli wa nchi tajiri hawafanyi hivi. Marekani mtu akikodi gari kwa miaka miwili au mitatu halipii gari zima. Analipia thamani itakayopungua katika muda huo pamoja na riba, kwa hiyo malipo yake ya mwezi kwa kawaida ni madogo kuliko ya anayenunua gari kama lile kwa mkopo. Muda ukiisha anarudisha funguo, au ananunua kwa bei iliyoandikwa tangu mwanzo. Anayenunua kwa mkopo analipa zaidi, lakini kila malipo yanampunguzia deni kwenye kitu chake. Kila mmoja anajua alipo. Sisi tumechukua mzigo wa mnunuzi na unyonge wa mpangaji, tukamtwisha mtu mmoja, tena mwenye umri wa miaka ishirini. Zamani watu wa milima hii walipeleka kodi hapa Vuga kwa Wakilindi, lakini sijasikia kwamba Kimweri aliwahi kumwambia mtu kuwa akileta mbuzi wa kutosha mlima utakuwa wake.

Sasa jambo hili limetoka kwenye pikipiki limeingia kwenye magari. Mpwa wangu amekuja na karatasi ya Toyota Noah, gari la kubebea abiria kati ya hapa na Soni. Maneno ni yale yale, tarakimu tu ndizo zimeongezwa sifuri. Tena kuna kipengele kipya: atoe kwanza fedha ya kianzio, na ili aipate anataka kuuza kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake, chenye migomba na mibuni ndani. Auze mmea wa kudumu apate haki ya kuendesha gari la mtu.

Nilimwambia, "Mjomba, kama unataka kuendesha Noah, nenda ukaendeshe kwa hesabu, injini ikifa iwe ya mwenye gari. Kama unataka kununua, basi tuandike kama wanunuzi." Nikachukua kalamu nikaongeza vipengele kwa mkono. Kila mwezi anaolipa uandikwe ni sehemu gani ya gari. Akishalipa nusu, gari lisichukuliwe kabla ya kukaa mbele ya baraza la kata. Akishindwa, wakate kodi ya siku alizotumia kwa kiwango cha hesabu ya kawaida, kinachobaki arudishiwe. Ugonjwa wenye cheti cha hospitali usihesabiwe utoro, siku zake zisogezwe mbele.

Mwenye gari alisoma, akacheka, akasema, "Mzee, kwa masharti haya si bora nimuuzie tu?"

Nilimjibu kwamba hilo ndilo nililokuwa nikilisubiri. Hajarudi bado. Mpwa wangu amenuna, shamba halijauzwa, na mimi kwenye karatasi za namna ile siweki tena sahihi ya shahidi mpaka vipengele hivyo viwemo.