MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Kicheko cha Kuazima



Mwezi uliopita, baada ya mafundisho ya jioni, vijana waliketi barazani wakizungumza habari za sinema. Mmoja akaitaja picha ya Marekani iitwayo Gigli, na papo hapo wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka pamoja nao, maana jina hilo nilikwisha kulisikia likitajwa kuwa mfano wa kazi mbaya. Ndipo binti mmoja aliyeketi pembeni akaniuliza, "Mwalimu, wewe umeitazama?" Nikanyamaza. Sikuwa nimeitazama. Nikawauliza wale wengine, nao hawakuitazama hata mmoja. Kumbe tulikuwa tukicheka kicheko tulichokiazima kwa watu wa mbali.

Neno lile halikunipa raha, basi nikatafuta habari za picha hiyo, nami nawaletea.

Ilitolewa tarehe 1 Agosti 2003. Ni hadithi ya mapenzi iliyokusudiwa kuchekesha: mtu wa genge la wahalifu aamriwa kumteka kijana mwenye upungufu wa akili, ambaye ndugu yake ni mwendesha mashtaka wa serikali, kisha mwanamke atumwa kuja kumsimamia katika kazi hiyo, naye yule mtu akampenda. Wachezaji wakuu walikuwa Ben Affleck na Jennifer Lopez. Aliyeiandika na kuiongoza ni Martin Brest, wala hakuwa mwanagenzi, kwa kuwa ndiye aliyeongoza Beverly Hills Cop ya mwaka 1984, na Scent of a Woman ya mwaka 1992, iliyompatia Al Pacino tuzo ya Oscar.

Kuitengeneza kuligharimu yapata dola milioni 75. Fedha iliyorudi kutoka dunia nzima haikufika milioni 8. Mwisho wa juma la pili mapato yalipungua kwa zaidi ya 80 katika kila mia. Majumba ya sinema yaliyoanza kuionyesha yalipita 2,200; hata juma la tatu yakabaki 73 tu. Mwaka 2004 ikapewa tuzo sita za dhihaka ziitwazo Golden Raspberry, mojawapo ikiwa ya picha mbaya kuliko zote za mwaka uliotangulia.

Je, ilistahili? Sitaki kuitetea. Maneno yake mengi ni machafu, wala haifai kuonyeshwa watoto. Tena vichekesho vingi vyatokana na maneno ya yule kijana mpungufu wa akili, na kumfanya mnyonge kuwa mchezo si jambo la kusifiwa. Zaidi ya hayo, mwongozaji na wenye fedha hawakupatana. Hadithi ikabadilishwa baada ya kupigwa picha, hata ikawa kama nguo iliyokatwa na fundi mmoja na kushonwa na mwingine.

Lakini hiyo si sababu yote. Affleck na Lopez walikuwa wachumba, na magazeti yaliwafuata kila waendako, hata yakayaunganisha majina yao mawili yakawa moja. Watu walikwisha kuchoshwa na habari zao kabla ya kuiona kazi yao. Wengi walikuja na hukumu mfukoni. Mhakiki mmoja mashuhuri wa Chicago, Roger Ebert, alikubali kwamba picha haikufaulu, ila akasema imo mizungumzo iliyo mizuri kweli. Huyo alitazama kwanza, kisha akapima. Sauti yake ilimezwa na kelele za wengi.

Arusi yao iliyotazamiwa Septemba 2003 iliahirishwa siku chache kabla, nao wakaachana Januari 2004. Walikuja kuoana mwaka 2022, na mwaka 2024 bibi akapeleka mahakamani ombi la talaka. Hayo nayo yamechekwa sana. Mimi sioni la kucheka katika nyumba iliyovunjika.

Sasa nirudi kwa binti yule. Miaka michache iliyopita kaka yake alipewa kusoma somo la Jumapili kwa mara ya kwanza. Hakuzoea macho ya watu; akaruka mstari, akarudi nyuma, sauti ikamkwama kooni. Walioketi mbele wakacheka kidogo. Wa nyuma, ambao hawakusikia hata alilokosea, wakacheka kwa sababu wa mbele wamecheka. Mimi niliketi mbele. Kijana akamaliza, akarudi mahali pake, wala tangu siku ile hakusimama tena kusoma. Nami, mwalimu wake, sikumwambia neno.

Wapenzi, kuipima kazi ya mtu si dhambi. Seremala hupimiwa meza yake, na katekista hupimiwa mafundisho yake. Asemaye, "Mguu huu ni mfupi, uongeze," amemsaidia seremala. Lakini acheke kwa kuwa jirani amecheka, huyo hakupima kitu. Ameongeza uzito tu juu ya mgongo wa aliyeanguka. Wazee wetu walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tena tazameni matokeo. Affleck alijifunza kuongoza picha yeye mwenyewe, na picha yake Argo ikashinda tuzo kuu ya Oscar mwaka 2013. Yeye aliinuka. Lakini Martin Brest, aliyekuwa fundi kuliko wengi, hakuongoza tena picha nyingine baada ya ile. Hatuwezi kujua mapema ni nani atakayeinuka, na ni nani atakayeketi moja kwa moja.

Basi nawaomba wazazi: jioni moja mwezi huu, mtoto akileta nyumbani kicheko juu ya mwenziwe, mwulizeni upole lile swali la binti yule: "Wewe umeona?" Akiwa hakuona, na anyamaze. Akiwa ameona, na aseme kweli yote, lililo baya na lililo jema.

Nami nisiwahubirie ninyi tu. Juma lililopita nilikwenda nyumbani kwa kijana yule, nikamwomba radhi mbele ya dada yake. Alinikaribisha, akanipa kiti, tukanywa chai. Nilipomwomba arudi kusoma, alitazama chini muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, nitafikiri." Nimemwachia nafasi katika orodha ya wasomaji. Mwombeeni, na mniombee mimi pia.