MZIGO BILA RISITI NI SADAKA



Wiki hii hatuandiki habari za mbolea wala za bei ya mahindi. Tunaandika habari za vikapu 12 vilivyotoka hapa Kasesya vikiwa vizima na mpaka leo havijafika Dar es Salaam. Jambo hili linasemwa dukani, kisimani na kwenye vilabu vya pombe, na kila mmoja analisema kwa namna yake. Basi ni bora tuliseme na hapa ukutani, ili wote tusome kitu kimoja.

Mambo yalikuwa hivi. Akina mama wa kikundi cha wasukaji walipata mteja kwa simu. Mteja akatanguliza nusu ya fedha. Mama zetu wakasuka karibu miezi miwili, wengine usiku baada ya shamba. Mzigo ukafungwa kwenye kiroba, ukapelekwa stendi ya Sumbawanga, akapewa utingo wa basi moja. Utingo akataja bei ndogo, akalipwa mkononi, akasema, "Msijali mama, kesho mzigo uko Dar." Risiti hakuna. Jina hakuna. Namba ya simu aliyoiacha haipatikani. Tulipokwenda kuuliza ofisini kwao tuliambiwa hawana habari, maana kwenye daftari lao hakuna kitu. Na hapo, ndugu zangu, walisema kweli. Kwenye daftari hakuna kitu.

Sasa tusianze kunyoosheana vidole. Tujikosoe kwanza sisi viongozi. Ni sisi tuliosema, "Mpeni utingo, ni rahisi." Wazee walituonya zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali tunaijua wote, ila siku ile hatukuitumia.

Hatuna budi kujua kwamba kutoka hapa mpakani mzigo una njia tatu, na kila njia ina faida na hasara yake.

Njia ya kwanza ni kumpa mtu anayesafiri. Hii inafaa kama ni ndugu au jirani unayemjua mpaka nyumbani kwake, na mzigo ni mdogo. Lakini biashara haiwezi kungoja mpaka jirani apate msiba Mbeya ndipo vikapu visafiri.

Njia ya pili ni basi. Basi kutoka Sumbawanga hupita Laela, Tunduma na Mbeya, na mzigo hufika upesi. Hatusemi tuache mabasi. Tunasema tuache kumpa mtu mlangoni. Mzigo upelekwe dirishani, kwenye ofisi ya vifurushi, upimwe, uandikwe, nasi tupewe risiti. Kampuni inayosafirisha vifurushi vya watu kwa malipo inatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA. Kuiulizia leseni hiyo si ujeuri, ni haki ya mteja.

Njia ya tatu ni Posta. Wazee bado wanaiita Posta na Simu, ingawa mambo hayo mawili yaligawanywa, na Shirika la Posta Tanzania likaanza kazi peke yake Januari 1994. Posta kuna vifurushi vya kawaida, na kuna EMS ambayo ni ya haraka na bei yake iko juu kidogo. Faida kubwa ni ile namba. Kifurushi cha EMS hupewa namba yenye herufi mbili, halafu tarakimu tisa, halafu herufi mbili za nchi. Ukiona mwisho pameandikwa TZ, jua kimepokelewa Tanzania. Namba hiyo mpelekee mteja kwa simu, naye atafuatilia mwenyewe mzigo ulipofika. Wale tuliojifunza kusoma ukubwani, hapa ndipo kisomo kinapoonyesha manufaa yake. Isome namba herufi kwa herufi kabla hujaondoka dirishani.

Mteja akiwa nje ya nchi kuna mambo mawili ya kujua. Kipeto kidogo hakizidi kilo 2. Na hujazwa fomu ya forodha, CN 22 au CN 23, inayosema ndani mna nini na kina thamani gani. Usiandike uongo. Vivyo hivyo kwa wateja wetu wa Mbala. Mzigo wa kuvuka upite forodha, usipite porini.

Kabla ya kulipa, njia yoyote ile, tuulize maswali matano:

1. Bei yote ni kiasi gani, pamoja na kufikisha mpaka kwa mteja?
2. Mteja atachukulia wapi, na baada ya siku ngapi?
3. Risiti ina namba, tarehe, uzito na jina la mpokeaji?
4. Mzigo ukipotea mnalipa kiasi gani? Kuna bima?
5. Tukiwa na malalamiko tumwone nani?

Anayekasirika kwa maswali hayo, tumpishe. Huyo si wa kubeba jasho la watu.

Sasa tuje kwenye gharama, maana wengi wanasema, "Dirishani ni ghali, jamani." Ni kweli ni ghali kuliko utingo. Lakini sehemu ya ughali tunaitengeneza wenyewe. Kikapu ni chepesi, ila kinakula nafasi. Wasafirishaji wengi wa ndege huchukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimeta, halafu hugawanya kwa 5,000. Chukua boksi la sentimeta 40 kila upande. 40 mara 40 mara 40 ni 64,000. Gawanya kwa 5,000, unapata karibu kilo 13. Kikapu chenyewe labda hakifiki kilo 2! Mnalipia hewa. Dawa yake ni kusuka kwa vipimo vinavyoingiliana, kidogo ndani ya cha kati, cha kati ndani ya kikubwa, na boksi linabaki lile lile. Mikeka ikunjwe kwa kuviringishwa. Vikauke kabisa kabla ya kufungwa, visije vikaota ukungu njiani. Na jina la mteja na namba yake ya simu viandikwe nje, na karatasi nyingine iwekwe ndani, kwa sababu ya nje inaweza kubanduka.

Tena tuache kutuma mmoja mmoja. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kikapu kinauzwa shilingi 15,000. Ukikituma peke yake kwa 6,000 unabaki na 9,000. Vikienda kumi pamoja kwa 20,000, kila kimoja kimesafiri kwa 2,000, nawe unabaki na 13,000. Tofauti ni 4,000 kwa kila kikapu. Hiyo ndiyo maana ya ushirika. Hatukuungana ili tupigane picha.

Linabaki jambo zito. Nani alipe vile 12? Mteja anadai fedha aliyotanguliza, na ana haki. Baadhi yetu wanasema wakatwe akina mama waliosuka. Sisi tunasema hapana. Walisuka, wakakabidhi kwa ushirika, kazi yao iliishia hapo. Mzigo umepotelea mikononi mwa ushirika, basi ushirika wote ubebe. Mteja arudishiwe fedha yake kutoka mfuko wetu, na wasukaji walipwe kidogo kidogo kadiri mauzo yatakavyoingia. Tunajua mfuko ule ulikuwa wa mabati ya ghala. Mabati yatangoja. Msukaji akikatwa leo, kesho hatasuka tena, na ghala lenye bati jipya litakuwa tupu.

Katika mkutano wa Jumamosi, saa nane mchana, tutaleta mapendekezo matatu. Mizigo iende mara moja kila wiki mbili, kwa pamoja. Achaguliwe mtu mmoja wa kuipeleka Sumbawanga, na nauli yake itoke kwenye bei ya bidhaa. Na kila risiti ibandikwe kwenye daftari la mizigo siku ile ile anaporudi, daftari likae wazi, mwanachama yeyote alisome.

Njooni wote, na akina mama wa kikundi wakae mbele.

Ofisi ya Ushirika, Kasesya