Video katika chumba cha upasuaji: ifundishe madaktari, lakini mgonjwa aulizwe kwanza

Daktari kijana hawezi kujua kupasua kwa kusoma vitabu tu. Anapaswa kuona mikono ya mwalimu wake. Lakini mahali panapopasuliwa ni padogo: anayeona vizuri ni mpasuaji na msaidizi wake, wanafunzi wengine wanabaki nyuma wakiangalia migongo. Video inawaletea wote kazi ile ile. Wanaisimamisha, wanairudisha, wanaona sindano ilipoingia na damu ilipoanzia. Ndiyo maana naunga mkono hospitali za Kivu kurekodi upasuaji kwa ajili ya masomo.

Faida yake imepimwa. Mwaka 2013, watafiti wa jimbo la Michigan, Marekani, walitangaza kazi yao juu ya wapasuaji 20 wanaopasua tumbo la watu wenye unene wa kupindukia. Kila mmoja alitoa video moja, wenzake wakaipa alama bila kujua ni ya nani. Kwa robo ya wapasuaji waliopata alama za chini, wagonjwa 14.5 kwa 100 walipata matatizo baada ya upasuaji. Kwa robo ya juu, ni 5.2 kwa 100. Basi ufundi wa mkono unaonekana kwa macho, na kinachoonekana kinaweza kurekebishwa.

Kwetu haja ni kubwa zaidi. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege huko Bukavu mwaka 1999, inajulikana kwa kutibu fistula, lile tundu linalomfanya mama avuje mkojo bila kujizuia baada ya uzazi mgumu au ubakaji. Kulishona ni kazi ya ndani, mahali pembamba, na mafundi wake ni wachache. Tena vita vinakata njia: uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa katika mapigano ya Januari 2025. Mwalimu akishindwa kufika, video iliyowekwa kwenye kadi ndogo inaweza kufika, hata pasipo intaneti.

Lakini mwili unaorekodiwa una mwenyewe. Mama aliyekimbia vita, aliyefika bila kitu na anatibiwa bure, akipewa karatasi ya Kifaransa na kuambiwa "weka saini hapa", atakataa namna gani? Ndiyo ya woga si ndiyo. Na tunajua picha za majeruhi zinavyopita WhatsApp, kikundi hadi kikundi.

Kwa hiyo mgonjwa aulizwe mapema, katika lugha anayoisikia: Kiswahili, Mashi, Kinande, Kihavu, Kinyarwanda. Amuulize mtu mwingine, si mpasuaji mwenyewe. Akikataa, atibiwe vile vile. Kamera isionyeshe uso wala jina. Video ikae kwenye mashine ya hospitali, si katika simu ya daktari, na awepo mtu mmoja wa kuijibia.

Wengine watasema vita havitupi nafasi ya maswali hayo. Jibu ni rahisi: mtu akiletwa hajitambui, aokolewe, kamera ipumzike. Somo litapatikana siku nyingine.

Nanyi ndugu zangu mlio kambini na katika familia za wenyeji, mkiona simu imeinuliwa juu ya kitanda cha mgonjwa wenu, ulizeni bila haya: hiyo ni ya nini, na nani ataiona?