Mimba Haifuti Kinga: Madai Matano Kuhusu Malaria kwa Wajawazito

Kwenye mabenchi ya kliniki ya wajawazito madai haya hayakosi kusikika. Tuyapime moja baada ya jingine.

1. "Nimeugua malaria tangu utotoni, mwili umeshaizoea."

Umeizoea kweli, ila ile ya zamani. Anayekulia penye mbu wengi hujenga kingamwili dhidi ya protini ambazo kimelea, Plasmodium falciparum, huzipachika juu ya seli nyekundu za damu ili zinase kwenye kuta za mishipa. Mimba ikitunga, mwili hupata kiungo kipya: kondo la nyuma. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakichunguza makondo ya akina mama wa Kenya, walionyesha kuwa vimelea vya humo hunasa kwenye molekuli iitwayo kondroitini salfeti A. Protini vinayoitumia, VAR2CSA, ilitambuliwa mwaka 2003. Mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba kwa kawaida hana kingamwili dhidi yake. Kinga yake ni mlinzi anayewajua vibaka wote wa mtaa, lakini huyu wa kwenye kondo ni mgeni.

2. "Mimba hushusha kinga yote."

Mimba huibadilisha kinga, kwa kuwa mwili lazima ujizuie kumshambulia mtoto ambaye nusu ya urithi wake ni wa baba. Lakini kama kinga ingekuwa imeshuka tu, mimba ya tano ingekuwa na hatari sawasawa na ya kwanza. Sivyo ilivyo. Penye malaria nyingi, anayeumia zaidi ni mwenye mimba ya kwanza; kila mimba inayofuata humwongezea kingamwili dhidi ya VAR2CSA. VVU huvuruga mpangilio huo, na mama mwenye virusi hivyo huweza kubaki hatarini hata katika mimba za baadaye. Penye malaria chache nako, ambako watu hawana kinga ya kutosha, mimba yoyote inaweza kukutwa na malaria kali.

3. "Sina homa, na kipimo kimesema sina malaria."

Kinga ya miaka mingi huweza kuizima homa bila kuviondoa vimelea. Vikishajibanza kwenye kondo, vinaweza kuwa vichache mno katika damu inayotolewa kidoleni, hadubini ikavikosa, na hata kipimo cha haraka kikavikosa. Huku nyuma damu ya mama inapungua taratibu, na yeye anadhani ni uchovu wa ujauzito.

4. "Mtoto yuko salama, kondo linamkinga."

Ni kweli kwamba vimelea vingi havivuki. Madhara huanzia kwenye kondo lenyewe: seli nyeupe hujazana humo kupambana na vimelea na kumwaga kemikali zinazoleta uvimbe, na kazi ya kupitisha chakula inazorota. Mtoto anaweza kuzaliwa njiti, au akiwa na uzito chini ya kilo 2.5. Baadhi ya tafiti zimeonyesha pia kuwa kondo lililoathirika hupitisha kwa upungufu kingamwili ambazo mama humrithisha mtoto, zikiwemo za surua na pepopunda. Mtoto anafika duniani na akiba ndogo.

5. "SP imeshakuwa sugu, wanatupa ya nini?"

Usugu wa vimelea dhidi ya SP, vidonge vya malaria wanavyopewa wajawazito kliniki, upo, na ndiyo sababu Tanzania iliacha kuitumia SP kama tiba ya kwanza mwaka 2006 na kuingiza dawa mseto. Kuzuia ni jambo jingine: wajawazito wanaoimeza bado hujifungua watoto wenye uzito mzuri zaidi, na Shirika la Afya Duniani linaendelea kuipendekeza. Hutolewa kuanzia wiki ya 13 ya ujauzito, katika kila hudhurio, kwa nafasi isiyopungua mwezi mmoja, angalau mara 3. Anayetumia Septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP. Vidonge vya foliki asidi vya miligramu 5 huipunguzia SP nguvu. Kinachofaa ni kipimo cha miligramu 0.4.

Kwa hiyo mwenye mimba, hasa ya kwanza, asisubiri homa. Awahi kliniki, alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na akipewa SP aimeze palepale mbele ya muuguzi.