Picha 366 za Njia ya Kwenda Kazini

Baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu wamekuwa wakiniuliza, wengine kwa barua na wengine uso kwa uso sokoni, ni kazi gani ile niliyokuwa nikiifanya mwaka 2024 mzima, nikisimama kando ya njia za Buyenzi na simu mkononi, nikizungumza na fundi baisikeli au muuza mkaa ilhali saa ya kazi imekaribia. Jibu ni fupi. Nilijiwekea sharti la kupiga picha moja ya barabarani kila siku, tangu tarehe 1 Januari hadi tarehe 31 Desemba, bila kuruka hata siku moja. Mwaka ule Februari ilikuwa na siku 29, kwa hiyo picha zilitimia 366. Lakini niliyojifunza katika kulitimiza sharti hilo hayaelezeki kwa ufupi namna hiyo, na mengi yake yanahusu nyumba zetu kuliko yanavyohusu ufundi wa kamera.

Wazo hili halikunijia kwa ajili ya sanaa. Soko kuu la Bujumbura liliungua Jumapili tarehe 27 Januari 2013, na sote tuliokuwa mjini siku ile tunaukumbuka moshi wake. Miaka ilipopita nilitaka kuwaonyesha watoto wangu lilivyokuwa. Si moto, bali soko lenyewe katika siku ya kawaida, mama akipima maharage na mpagazi akipita na gunia. Nikauliza kwa ndugu na majirani. Picha za moto zilikuwapo tele. Picha za arusi zilikuwapo. Ya meza ya nyanya niliyonunulia tangu nikiwa msichana sikuipata hata moja, maana hakuna aliyeona haja ya kupiga picha kitu anachokiona kila siku.

Wako waliokwisha kufanya kazi ya namna hii kwa subira kubwa kuliko yangu. Mfaransa Eugène Atget, aliyezaliwa mwaka 1857 na kufariki mwaka 1927, alizunguka mitaa ya Paris kwa takriban miaka 30 akibeba kamera nzito ya mbao na mabamba ya kioo, akipiga picha za milango ya maduka, ngazi, nyua na wachuuzi wa barabarani. Aliziuza kwa wachoraji na kwa majumba ya kumbukumbu ili apate riziki. Mengi aliyoyapiga yamekwisha kubomolewa, na anayetaka kujua yalivyokuwa humwendea Atget. Mmarekani Jamie Livingston naye alianza tarehe 31 Machi 1979, akiwa mwanafunzi, kupiga picha moja kila siku kwa kamera ya Polaroid, ile inayotoa karatasi yake papo hapo. Aliendelea kwa zaidi ya miaka 18, hadi tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki kwa saratani. Mwaka wangu mmoja mbele ya miaka ya bwana huyo ni kikombe mbele ya mtungi.

Majuma matatu ya kwanza ni sikukuu. Macho yanaona kila kitu upya: jua likitua nyuma ya milima ya Kongo, mitumbwi imeegeshwa ufukweni, vitenge vimeanikwa ukutani. Ilipofika siku ya 22 au 23, uzuri wote wa njia yangu ulikuwa umekwisha, nami nilikuwa na siku zaidi ya 340 mbele yangu. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Kabla ya kuhamishiwa ofisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nami naliheshimu daftari la mahudhurio. Daftari lile haliulizi kama somo lilikuwa tamu. Linauliza kama mtoto alikuja. Februari nzima nilipiga picha zisizopendeza mtu: kopo la rangi limegeuzwa kiti, mtaro, mlango wenye kufuli mbili. Leo ninapozitazama, zile za Februari ndizo ninazozirudia zaidi, na yale machweo ya Januari siwezi hata kuyatofautisha moja na jingine. (Siku moja ya Machi nilishikwa na homa, nikapiga kutoka kitandani kupitia mlango uliokuwa wazi, miguu ya mpita njia ikionekana. Mume wangu alisema hiyo si picha ya barabarani. Mimi naihesabu.)

Kuhusu ufundi nitasema machache. Mji wetu uko karibu na ikweta, jua lachomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na saa za mchana mwanga hushuka wima juu ya vichwa, macho ya mtu yakawa mashimo meusi. Piga kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Kama huna budi kupiga mchana, mwombe mtu asimame mlangoni, ndani kidogo ya kivuli, uso ukielekea nje. Jihadhari na kuta nyeupe: simu huupima mwanga wa ukuta, na sura ya mtu mweusi ikazama gizani. Ukuta wa matofali mekundu unatufaa zaidi. Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi huificha milima ya ng'ambo kabisa, basi usiitafute, tazama karibu.

Jambo zito ni watu. Karibu kila mtu niliyemwomba picha aliniuliza swali lile lile kabla ya kukubali au kukataa: “Hii picha itakwenda wapi, mwalimu?” Mwanzoni nililiona kuwa ni swali la adabu tu. Baadaye nikaelewa kwamba ndani yake mna maswali matatu. Je, utanichekesha watu? Je, utanionyesha kwa wageni ili wanihurumie? Je, itanitia matatani? Mama mmoja anayeuza mkaa alinieleza wazi kwamba aliwahi kupigwa picha na mpita njia asiyemjua, na baada ya miezi mwanawe akaiona katika simu ya rafiki, imeandikwa maneno ya dhihaka chini yake. Mama huyo hakukubali nimpige, nami nilipita mbele yake kila siku hadi Desemba tukisalimiana vizuri. Picha yake haimo. Gunia lake limo, kwa idhini yake.

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi, mpenzi mkubwa wa vitabu vya picha, hakubaliani nami hata kidogo. Yeye husema kwamba ukiomba ruhusa umeiua picha, maana mtu hukaza shingo na kunyosha shati. Alinitolea mfano wa Henri Cartier-Bresson, bingwa wa Ufaransa aliyeishi toka mwaka 1908 hadi mwaka 2004, ambaye mwaka 1952 alitoa kitabu kiitwacho Images à la sauvette. Sisi tuliosoma Kifaransa tunajua maneno hayo hutumika kwa wachuuzi wasio na kibali, wanaouza huku wakichungulia nyuma wasije wakakamatwa. Kijana anauona huo kuwa ndio moyo wa kazi: chukua, kimbia. Simbishii kwamba picha za bwana yule ni nzuri kupita kiasi. Lakini mtu aliyepigwa picha na mgeni katika jiji kubwa yamkini hatakutana naye tena. Mimi nikishampiga picha fundi wa njia yangu, kesho nitamkuta pale pale, na mtoto wake anakaa dawati moja na wangu.

Tena si kweli kwamba ruhusa huiua picha. Mtu hukaza shingo kwa dakika moja. Mteja akija, au chai ikimwagika, husahau kwamba upo. Kwa hiyo nilijiruhusu kubonyeza mara mbili: ya kwanza ni yake, amesimama wima kama apendavyo, nami naichapisha na kumpa, ya pili ni ya kazi yake, na hiyo ndiyo inayoingia katika hesabu ya siku. Polisi, askari, madaraja, wagonjwa na wafiwa sikuwapiga kabisa, na watoto wa watu sikuwapiga bila mzazi kuwapo.

Yako mambo ambayo sikuyaona siku hata moja, nikayaona nilipozipanga picha za mwaka sakafuni. Mwaka 2024 petroli ilikuwa ya shida sana katika nchi yetu, mabasi yakawa machache, watu wakatembea. Hilo kila mtu analijua. Lakini picha zangu zilinionyesha viatu. Januari fundi viatu wa pembeni mwa njia yangu ana kigoda kimoja na mteja mmoja. Oktoba ana vigoda vitatu, kijana wa kumsaidia, na mstari wa viatu visivyo na soli mbele yake. Katika picha za asubuhi wamo wanawake wa ofisini wenye kandambili miguuni na viatu vya kazi mfukoni. Sikukusudia kuandika habari za mafuta, lakini zimeandikwa. Vivyo hivyo kwa Ziwa Tanganyika, lililofurika mwaka ule hata watu wa Gatumba wakahama nyumba zao. Jumapili huwapeleka watoto ufukweni, na kuna mti wa uzio niliozoea kuupiga kila nilipokosa kingine. Januari umesimama mchangani. Mei maji yameufikia kiunoni.

Picha ninayoulizwa zaidi ni ya 114, ya tarehe 23 Aprili. Ni ya mzee aliyekuwa akitengeneza baisikeli chini ya mwembe, mtu mkimya, aliyenikubalia kwa sharti moja, kwamba hataacha kazi kwa ajili yangu. “Nina gurudumu la mtu mkononi,” alisema. Kwa hiyo yeye hana ile picha ya kwanza ya kusimama wima. Ameinama, spoki moja iko midomoni mwake, rimu imekaa magotini, na uso wake unaonekana nusu tu. Nilimpelekea nakala mwisho wa mwezi. Akaitazama, akaitia katika kisanduku cha misumari.

Mzee huyo alifariki Agosti. Siku ya tatu baada ya maziko mjane wake alinijia nyumbani na binti yake. Picha nyingine waliyokuwa nayo ni ya kitambulisho, ya miaka mingi nyuma, imechujuka. Aliitaka ya gurudumu, kubwa, ya kutundika ukutani. Nikamwahidi. Kesho yake alinipigia simu mtoto wao mkubwa, anayefanya kazi nje ya nchi. Yeye aliitaka picha hiyo hiyo ipelekwe studio, kichwa kikatwe, baba yake avikwe suti na tai, nyuma pawekwe pazia la buluu, na ile spoki ifutwe. Kazi hiyo studio nyingi za mjini huifanya vizuri sana siku hizi, na sielekezi lawama kwa wanaoitaka. Mtu aliye mbali na msiba hutafuta cha kumpa marehemu, na heshima ndiyo anayoiona kwanza. Alisema hataki wajukuu wamjue babu yao akiwa na mikono ya grisi.

Mama alipopata habari alisema, “Baba yao hakuvaa suti hata siku ya arusi ya binti yake. Wakimvika leo, nitakuwa natundika mtu nisiyemjua.”

Nilikuwa kati yao, na picha ilikuwa katika simu yangu. Katika muda wa mwaka ule nilikuwa nimezoea kujibu swali la picha itakwenda wapi kwa watu walio hai, wakaamua wenyewe. Hapa mwenye sura hayupo. Niliamua kwamba aliyeishi na mikono ile ndiye mwenye neno, nikampa mjane picha ilivyo, iliyochapishwa na ile iliyo ndani ya kadi ya simu ya binti yake, nikamwambia mtoto mkubwa aombe kwa mama yake. Alikasirika, na hata sasa hatusemi. Wako jamaa wanaodai kwamba mwana wa kwanza ndiye mkuu wa nyumba baada ya baba, na kwamba niliingilia yasiyonihusu. Nimewasikiliza, wala sijabadili shauri. Picha iko ukutani, spoki na vyote.

Kwa wale watakaotaka kuanza: hakuna haja ya kamera ya thamani, na msingoje Januari. Chagueni njia mnayopita kila siku, maana siku ya uchovu hamtakwenda mbali. Kila picha iandikiwe tarehe, mahali, na jina la mtu kama amekubali kulitoa. Picha isiyo na jina, baada ya miaka 20 ni sura tu. Msiache zote katika simu moja, kwa kuwa simu huibiwa na huanguka majini. Mimi huchapisha za watu kila mwisho wa mwezi, na gharama yake ni kama kilo ya ndagala wakavu. Zilizochapishwa wekeni katika bahasha ya karatasi, mbali na ukuta wenye unyevu. Ya kutundika isigusane na kioo, kwani wakati wa mvua hugandamana nacho na haibanduki.

Juma lijalo nitamjibu mama wa Ngagara aliyeuliza kuhusu wadudu wanaotoboa maharage ya akiba.